Uzi: Steringi wa mighani ana sura ya nani? Filamu za mashujaa, historia na ugawaji wa nafasi

#1 – Mleta uzi

Wakuu, heshima mbele.

Uzi huu umezaliwa na ugomvi wa sebuleni. Mdogo wangu alikuwa anaangalia ile tamthilia ya Troy: Fall of a City ya mwaka 2018, ya vita vya Troy kwenye mighani ya Wagiriki wa kale. Achilles alipotokea tu, dogo akasimamisha picha. "Huyu siye." Achilles wa pale ni David Gyasi, Mwingereza mweusi. Kwa dogo, Achilles halisi ni yule wa Brad Pitt kwenye Troy ya 2004. Nikamuuliza, halisi kivipi? Mama yake ni Thetis, mungu wa bahari. Cheti cha kuzaliwa tukakitafute wapi?

Nikadhani nimemmaliza. Akatulia kidogo, kisha akanitupia hili: "Sawa. Basi na Antara naye tumpe mzungu?"

Nikakosa jibu. Kwa wasiomjua, Antara bin Shaddad ni mshairi na mpanda farasi wa Kiarabu wa karne ya 6, wa kabila la Abs. Mama yake, Zabiba, alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Baba hakumkubali kama mwana mpaka upanga wake ulipohitajika vitani, na ami yake, baba wa Abla aliyempenda, hakutaka binti yake aolewe na mtu mweusi aliyezaliwa utumwani. Sasa mchukue mwigizaji mweupe umvike nafasi hiyo uone kitakachobaki. Kila anayemtukana atakuwa anamtukania nini? Kila vita anayokwenda kupigana ili aonekane mtu, ataipigania nini?

Kwa hiyo nimekaa na swali hilo wiki nzima, nimerudia filamu kadhaa, na nimepata msimamo. Nauweka mezani muuchanechane.

Kila mighani ina jambo moja au mawili yanayoishikilia. Ukiyang'oa, unabaki na mtu mwenye jina la shujaa na hadithi ya mtu mwingine. Hayo ndiyo mwongozaji asiyaguse, iwe ni kwa kuchagua mwigizaji, kwa maleba au kwa muswada. Mengine ni mapambo, abadilishe atakavyo. Rangi ya Antara inaishikilia hadithi yake. Rangi ya Achilles haishikilii kitu.

Msinirukie kwanza. Najua Homer, mtunzi wa kale wa Kigiriki, anamtaja Achilles kuwa na nywele za rangi ya dhahabu, kwenye kitabu cha kwanza tu cha utenzi wake wa Iliad, mungu Athena anapomshika nywele kwa nyuma asimchomolee upanga Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki. Kwa hiyo nywele za Pitt zina utetezi. Lakini hadithi imesimama juu ya nini? Hasira yake. Uamuzi wa kuishi muda mfupi wenye sifa badala ya uzee usio na jina. Rafiki yake Patroclus. Na ule usiku Priam, mfalme wa Troy, anapoingia hemani peke yake, mzee mzima, akabusu mikono iliyomuua mwanawe Hector. Mweusi, mweupe, yeyote akikuchezea usiku ule ukatoa chozi, huyo ni Achilles.

Na hapa ndipo nilipomrudia dogo. Ile filamu ya 2004 anayoiita halisi imeifupisha vita ya miaka 10 ikawa kama ya wiki mbili tatu. Miungu imeondolewa yote. Patroclus amegeuzwa binamu. Menelaus anauawa na Hector, wakati kwenye masimulizi anarudi nyumbani na Helen wake. Agamemnon anachomwa kisu na mateka Briseis palepale Troy, wakati kifo chake kinajulikana: anafika kwake mshindi, mkewe Clytemnestra anamuua, na kifo hicho ndicho kilichomlisha mwandishi Aeschylus tamthilia tatu nzima. Maiti wanawekewa sarafu machoni, karne kadhaa kabla sarafu hazijabuniwa. Sokoni kuna llama, mnyama wa Amerika Kusini! Dogo hakulalamikia hata kimoja. Alilalamikia ngozi.

Kingine. Watu wanaosema "waweke Wagiriki watupu kama ilivyokuwa" huwa hawajamsikia Memnon, mfalme wa Waethiopia, mwana wa mungu wa alfajiri, aliyekuja kuisaidia Troy na jeshi lake akapigana na Achilles ana kwa ana. Alikuwa na utenzi wake mzima zamani, umepotea. Filamu ya 2004 haikumkumbuka. Na kwenye Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, mpiga mbiu wa shujaa Odysseus, Eurybates, anaelezwa waziwazi: mabega ya mviringo, ngozi nyeusi, nywele za kipilipili. Odysseus alimheshimu kuliko wenzake wote. Hayo ameyatunga Homer, si kamati ya studio.

Tena Homer mwenyewe tukimkagua kwa jicho hili la "usahihi" anafeli mtihani. Kwenye kitabu cha 10 cha Iliad, Odysseus anavishwa kofia ya vita iliyoshonewa meno ya nguruwe mwitu, safu kwa safu, meno yakipishana mwelekeo, na ndani imetandikwa manyoya yaliyogandamizwa. Wachimbaji wa mambo ya kale wamezikuta kofia za namna hiyo makaburini kule Mycenae, Ugiriki, na zilikuwa zimeshaacha kutumika karne nyingi kabla ya Homer. Yaani hapo kapatia kupita kiasi. Halafu magari ya farasi: mashujaa wake wanapanda, wanashushwa karibu na adui, wanapigana kwa miguu, wakichoka wanapanda tena. Kama teksi. Mtunzi alirithi habari kwamba wazee walikuwa na magari ya vita, ila jinsi yalivyotumika hakuirithi. Tunamdai mwongozaji wa leo usafi ambao mwenye hadithi hakuwa nao.

Sasa upande wa pili, maana nisije nikaonekana natetea kila uongo. Kuna uongo unaonikera kweli.

Chukua Braveheart ya 1995, tuzo 5 za Oscar. Vita vya daraja la Stirling, tarehe 11 Septemba 1297, ushindi mkubwa kuliko wote wa William Wallace, mpigania uhuru wa Uskoti. Kwenye filamu daraja halipo. Wanapigana uwanjani! Na daraja ndilo lililoshinda vita vile: lilikuwa jembamba, Waingereza wakawa wanavuka kidogo kidogo, Waskoti wakatulia juu kileleni wakihesabu, wakasubiri wavuke wa kutosha kuwaua na wachache wa kutosha kuwashinda, ndipo wakashuka. Huo ni werevu na subira. Filamu ikatoa werevu ikaweka makelele na nyuso za rangi ya buluu. Na Andrew Moray aliyeongoza bega kwa bega na Wallace siku ile, akafa kwa majeraha, hatajwi kabisa. Hapo wameng'oa kilichoishikilia hadithi.

Sketi za Kiskoti zilikuja karne kadhaa baadaye, hilo nawasamehe, ni maleba. Ila binti mfalme Isabella wa Ufaransa anayependana na Wallace na kuondoka na mimba yake: Wallace aliuawa London Agosti 1305, Isabella akiwa mtoto wa takriban miaka 10, na Uingereza hakukanyaga mpaka 1308. Mwanawe Edward wa Tatu alizaliwa 1312. Mimba gani hiyo ya miaka saba?

Msimulizi anaanza filamu kwa kusema wanahistoria wa Uingereza watamwita mwongo. Ujanja mtupu. Umeshatangulia kumtukana shahidi kabla hajafungua mdomo.

Robin Hood wa Kevin Costner (1991) simtilii maanani sana, ila lazima nicheke. Anashuka pwani ya kusini ya Uingereza, anamwambia mwenzake leo usiku watakula kwa baba yake Nottingham. Picha inayofuata wako kwenye ukuta wa Hadrian, kaskazini kabisa, wameshaipita Nottingham kwa mbali. Ni mtu anayekwenda chumbani kwake kwa kuzungukia kijiji cha pili. Halafu Morgan Freeman anamkabidhi darubini, miaka 400 kabla haijabuniwa.

Nimalizie na ninayoipenda. Lion of the Desert, 1981, habari za Omar Mukhtar. Tukihukumu kwa sura na pasipoti, filamu ile ni kosa tangu mwanzo: shujaa wa Libya amechezwa na Anthony Quinn, mzaliwa wa Chihuahua, Mexico, tena anaongea Kiingereza. Lakini kinachomshikilia Omar Mukhtar ni kwamba ni mwalimu wa Kurani, mzee wa miaka 70 na ushee, anayeshika bunduki dhidi ya wakoloni wa Kiitaliano kwa sababu hakuna namna. Quinn alikuwa na miaka ipatayo 65 na hakuficha hata mkunjo mmoja. Anavaa miwani taratibu kama mzee yeyote anayetaka kusoma. Anaponyongwa, miwani inadondoka, mtoto anaiokota. Italia waliizuia filamu ile, na kwenye televisheni yao ikaja kuonyeshwa 2009. Hawakuizuia kwa sababu ya lafudhi ya Quinn.

Uzi tayari. Karibuni.

#2

Umeandika gazeti mkuu lakini nimesoma lote. Umeisahau filamu ya 300. Wasparta wanakwenda kupigana na jeshi kubwa kuliko yote wamevaa chupi na majoho mekundu. Wale watu walisifika kwa deraya za shaba na ngao! Na waliobaki kufa pale Thermopylae mwaka 480 KK hawakuwa 300 peke yao, kulikuwa na Wathespia 700, Wagiriki wa mji mwingine. Fikiria unakufa na wenzako 700 halafu sinema inaitwa kwa idadi ya jirani.

#3

Mleta mada, heshima yako, ila kuna mahali umeruka.

Umezungumzia ugawaji wa nafasi kana kwamba mwongozaji anakaa chini, anajiuliza "nini kinaishikilia hadithi hii", kisha anachagua. Haiendi hivyo. Mwaka 1956 Genghis Khan alichezwa na John Wayne. John Wayne yule wa kofia ya wachunga ng'ombe, kabandikwa masharubu ya kushuka na macho kavutwa kwa mekapu. Hakuna aliyejiuliza lolote. Alikuwa na jina, jina linauza tiketi, basi. Waigizaji wa Asia walikuwepo Hollywood, wakipewa nafasi za kubeba mikuki nyuma.

Kwa hiyo ukisema "rangi ya Achilles haishikilii kitu" mimi nakubali, lakini kwa miaka mingi sheria hiyo ilitumika upande mmoja tu. Mzungu alicheza Mmongolia, Mwarabu, Mmisri, Mhindi. Siku Gyasi anapopewa Mgiriki wa kubuni, ndipo watu wanakumbuka historia. Mdogo wako hana kosa, amelelewa na hizohizo sinema.

Na ngoja nikupe mfano unaokwenda kinyume na wote. Zulu, 1964, vita vya Rorke's Drift vya Januari 1879. Mfalme wa Wazulu, Cetshwayo, alichezwa na nani? Mangosuthu Buthelezi. Kitukuu wake mwenyewe kwa upande wa mama! Huwezi kupata mwigizaji sahihi kuliko damu ya mwenye hadithi. Na bado filamu ikadanganya palepale ilipotaka. Mwishoni Wazulu wanasimama kilimani kuwaimbia Waingereza saluti ya ushujaa. Haikutokea. Waliondoka kwa kuwa kikosi cha msaada kilikuwa njiani. Damu sahihi ndani ya hadithi ya mtu mwingine haisaidii kitu.

#4 – Mleta uzi

#3 umenishika. Hilo la sheria kutumika upande mmoja nakubali bila ubishi, nilipaswa kulisema.

Tena kwa filamu hiyohiyo ongeza habari ya askari Henry Hook. Kwenye filamu ni mlevi, mtoro wa kazi, mwizi wa pombe, anakuja kuwa shujaa dakika za mwisho. Hook halisi alikuwa mtu wa nidhamu na pombe hakugusa. Alipata Victoria Cross yake, nishani ya juu ya ushujaa ya Uingereza, kwa kuwaokoa wagonjwa ndani ya hospitali inayoungua, yeye akizuia adui, mwenzake akitoboa ukuta chumba hadi chumba. Mwandishi alihitaji mlevi, akamchagua marehemu asiyeweza kujibu. Huo kwangu ni mbaya kuliko llama wote wa sokoni Troy.

#5

Mbona hamgusi The Woman King? Au kwa kuwa ni yetu?

Mimi ni mpenzi wa Viola Davis na sikubali mtu amguse. Alikuwa na miaka 56 au 57 akabeba panga kama hana mifupa inayouma. Waigizaji sahihi, maleba safi. Lakini kwa kipimo cha mleta uzi ile filamu inaanguka. Inasema ni 1823, jeshi la wanawake la Agojie linamshawishi mfalme Ghezo wa Dahomey, Benin ya leo, aachane na biashara ya watumwa auze mawese. Dahomey ilitajirika kwa biashara hiyo, na Agojie wenyewe ndio waliokwenda kuvamia na kukamata watu. Ghezo alitia saini mkataba wa kuacha mwaka 1852, baada ya meli za Waingereza kuziba pwani yake. Miaka karibu 30 baada ya filamu kumvika utakatifu.

Naelewa kwa nini walifanya. Mtoto wa kike mweusi anahitaji steringi. Ila wanawake wale wangeweza kuwa mashujaa na kuwa na hatia kwa wakati mmoja, na ingekuwa filamu kubwa zaidi. Tunawadai wazungu waseme ukweli wa babu zao, na sisi tuna babu pia.

#6

#5 dada umesema kweli inayouma.

Swali langu la kijinga: kwa nini kila Mrumi na kila Mgiriki wa kale anaongea Kiingereza cha London cha kitajiri, na adui ndiye mwenye lafudhi?

#7

#6 si la kijinga. Na dawa imewahi kupatikana, ila ni ghali. Moustapha Akkad, mwongozaji wa hiyo ya Omar Mukhtar, alipotengeneza The Message, filamu ya mwanzo wa Uislamu, mwaka 1976 aliipiga mara mbili. Mapambo yaleyale, jangwa lilelile, vikosi viwili vya waigizaji. Toleo la Kiingereza Hamza, ami yake Mtume Muhammad, ni Anthony Quinn, la Kiarabu ni Abdullah Gaith. Anamaliza mmoja, anaingia mwingine anasimama alipokuwa amesimama mwenzake.

Nimeyaona yote mawili. Quinn anatisha kwa ukubwa wake, Gaith anatisha kwa sauti. Siwezi kukwambia yupi ni Hamza zaidi.

Na mnajadili sura ya shujaa, kumbe filamu ile ndiyo iliyokwepa suala zima: Mtume mwenyewe haonekani wala hasikiki. Watu wanaongea wakiitazama kamera, wanasubiri, wanaitikia kana kwamba wamejibiwa. Saa tatu za filamu, na anayebeba hadithi hana mwigizaji.

#8

Wakuu mmezunguka dunia nzima. Sasa tuambieni, Fumo Liyongo, shujaa wetu wa pwani, apewe nani? Maana utenzi unasema jitu refu lisilo na kifani.

#9 – Mleta uzi

#8 nilikuwa naomba mtu aulize.

Urefu si kitu cha kuhangaikia. Kuna mahali Braveheart ilipatia: askari wanakataa kuamini kuwa aliye mbele yao ni Wallace, kwa sababu wamesikia Wallace ana futi saba. Mel Gibson ni mtu wa kimo cha kawaida, na filamu ikageuza kasoro ya ugawaji wa nafasi ikawa utani juu ya uvumi. Liyongo naye mpe mtu wa kawaida, halafu onyesha jinsi wengine wanavyompisha njia wanaposikia anakuja.

Mimi nitakachodai ni mkate. Liyongo yuko kifungoni, anaimba maneno ambayo walinzi wanayasikia wasiyaelewe, kijakazi Saada anayapeleka kwa mama. Mama anaoka mikate mizuri, na mmoja wa wishwa, ndani yake tupa. Walinzi wanapora mizuri, wanautupia mfungwa ule wa wishwa wakimcheka. Namjua mwongozaji atakayesema wishwa hauonekani vizuri kwenye kamera, tuweke mkate mweupe unaong'aa. Akifanya hivyo ameua kila kitu. Tupa haikufichwa na unga, ilifichwa na dharau ya walinzi.

#10

Na usiku anakata minyororo huku nje wanapiga ngoma ya gungu kwa nguvu ili mlio wa tupa usisikike. Hiyo ni sauti tupu, haihitaji hata mwigizaji mwenye jina.

#11

Mnasahau mwisho. Amechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, anakwenda kisimani, anapiga goti moja, anaweka mshale kwenye upinde, anafia hapohapo. Watu wanamwona kwa mbali wanadhani yuko hai. Siku zinapita hakuna anayethubutu kwenda kuchota maji. Mpaka mama yake anaitwa aje kumbembeleza.

Mpeni nafasi hiyo yeyote, mradi anaweza kukaa dakika nne bila kupepesa jicho. Mimi namtafuta wa kucheza mama.